Mwaka Haujulikani, Vocha Ipo

Nina vitabu vitano vya mwanamke mmoja, na hakuna hata kimoja kinachojua alizaliwa lini. Ni vitabu vizito, vina faharasa nyuma na picha za rangi katikati, vimeandikwa na watu waliozeekea kwenye nyaraka. Lakini ukiviuliza swali ambalo karani wa vizazi na vifo hukuuliza dirishani kabla hujamaliza kumwamkia, vyote vinaanza kukohoa. Eric Ives anasema 1501. Retha Warnicke anasema 1507. Wengine wanakuwekea alama ya kuuliza kwenye mabano na kuendelea na safari kana kwamba hawajakuona.

Mwanamke mwenyewe ni Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry wa Nane wa Uingereza, yule aliyekatwa kichwa asubuhi ya tarehe 19 Mei 1536. Siku ya kufa wanaijua. Siku ya kuzaliwa, kila mtu na lake. Wa 1501 wanashika barua aliyomwandikia baba yake kwa Kifaransa kibovu mnamo 1514, alipokuwa amepelekwa kulelewa kwenye nyumba ya Margaret wa Austria kule Mechelen. Mwandiko ule, wanasema, si wa mtoto wa miaka saba. Wa 1507 wanamshika William Camden, mwanahistoria wa zama za Elizabeth, binti yake Anne, aliyeuandika mwaka huo pembeni mwa ukurasa. Pembeni! Mimi ni mhasibu. Ukiniletea vocha yenye tarehe iliyochomekwa pembeni nitakurudisha ngazi zote tatu, lifti ikiwa mbovu, na lifti yetu ni mbovu.

Niseme nilivyoingia humu, maana sikutaka. Nilikwenda kwa wauza vitabu wa chini pale Posta kutafuta kitabu cha keki. Kijana akanishikisha kingine. Jalada lilikuwa na mwanamke wa gauni jekundu, mkufu wa lulu, shingo ndefu, kidevu, halafu basi. Juu ya kidevu hakuna kitu. Nikamwambia kimekatwa vibaya kiwandani, anipunguzie. Akanipunguzia. Nimekuja kugundua baadaye kwamba ndivyo wanavyopenda kuyachora majalada ya wanawake wa zamani, shingo bila uso, na kwa huyu wangu naona ni utovu wa adabu. Mwenzenu kakatwa mara moja, inatosha. Keki sijapika mpaka leo. Mdogo wangu anayeishi Uingereza akija likizo simwagizi tena manukato, namwagiza Anne Boleyn, na ananitazama kama mtu wa kupelekwa kwa daktari.

Shida ya kwanza ya kusoma habari za watu hawa ni kuzisimulia kwa Kiswahili. Anne alikuwa na ndugu yake, Mary, aliyewahi kuwa hawara wa mfalme huyohuyo kabla yake. Mwingereza ana neno moja la kumaliza kazi, anaandika Mary ni ndugu yake wa kike na kulala usingizi. Sisi tutasemaje? Dada yake au mdogo wake? Ninafungua kitabu, kinasema hilo nalo lina utata. George naye, yule waliyekuja kumuua siku mbili kabla yake, kaka yake au mdogo wake? Utata. Yaani familia nzima imeingia kwenye historia bila mtu kuuliza nani anamwamkia nani. Kwetu msiba haufiki siku ya pili kabla hilo halijajulikana.

Shida ya pili ni akina Thomas. Baba yake Anne ni Thomas. Mjomba wake ni Thomas. Kardinali aliyeshindwa kumtafutia mfalme talaka ni Thomas Wolsey. Aliyekataa kuapa ni Thomas More. Askofu mkuu aliyebariki mambo ni Thomas Cranmer. Katibu aliyepanga yote na kuja kuyapangua ni Thomas Cromwell. Mshairi aliyesemwa kuwa alimpenda ni Thomas Wyatt. Na Mkuu wa Sheria ni Thomas Audley, nisije nikamsahau akakasirika. Ukitaja Thomas kwenye baraza lile vichwa vinane vinageuka. Vinageuka vingali vipo: More alikatwa 1535, Cromwell 1540, Cranmer akachomwa moto 1556, Wolsey akafia njiani 1530 akipelekwa kujibu mashtaka, na mjomba aliponea chupuchupu kwa sababu mfalme alikufa usiku wa kuamkia siku yake. Ningekuwa mzazi zama zile ningemwita mwanangu jina lolote, hata Jumatano.

Haya yote nilikuwa nikiyanung'unika mwenyewe kwenye daladala, nimesimama, mkono mmoja bombani na mwingine kwenye ukurasa, mpaka mama mkwe alipokuja kutoka Muheza kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari akamkataza televisheni kwa wiki kadhaa. Mama ni mtu wa tamthilia za Kituruki, zile wanazowekea sauti za Kiswahili, na alikuwa ameachia mahali pabaya, bibi harusi yuko ndani ya gari linalowaka. Siku ya tatu ya giza akaniambia, "Mwanangu, hicho unachosoma kila siku huku unaguna, hebu nisomee na mimi nigune."

Nikawa namsimulia jioni, nakata vitunguu huku kitabu kimeegemea kopo la chumvi.

Alichukua upande kabla sijafika ukurasa wa kumi. Upande wa Catherine wa Aragon, mke mkubwa. Catherine aliolewa na Henry mwaka 1509, akiwa mjane wa Arthur, kaka yake Henry. Akabeba mimba baada ya mimba, watoto wakafa, akabaki mmoja tu wa kike, Mary. Miaka inakwenda, mfalme anataka wa kiume. Ghafla anafungua Biblia na kukumbuka kwamba kuoa mke wa ndugu yako ni kosa.

"Amekumbuka lini?" mama akauliza.

"Kama mwaka wa 18 wa ndoa, mama."

"Na huyo mwanamke wako ameshafika?"

Tangu siku hiyo Anne hakuwa na jina jingine nyumbani kwangu. Huyo mwanamke wako. Kana kwamba ni mimi niliyemtoa Ufaransa alikokuwa akisoma adabu za kikwao, nikamleta kwenye jumba la Catherine na kumwambia keti hapa karibu na mfalme.

Sasa mama mkwe ni Mwanglikana, na si wa kubabaisha. Amebatizwa na kufundishwa na watu wa misheni ya zamani ya Magila, mambo ya ubani na kengele, yuko kwenye umoja wa akina mama tangu mume wangu hajajua kutembea, na umoja ule kazi yake kubwa ni kuilinda ndoa. Mimi nikasahau. Nikaingia kichwakichwa kwenye Papa Clement wa Saba, ambaye hakuweza kumpa Henry alichotaka kwa sababu mwaka 1527 majeshi ya Karoli wa Tano yaliivamia Roma na Papa akawa kama mateka, na Karoli ni mtoto wa dada yake Catherine (hapa angalau najua ni dada). Mfalme akachoka kusubiri. Januari 1533 akamwoa Anne kwa siri, ana mimba tayari. Juni mosi akatawazwa. Na mwaka 1534 bunge likapitisha sheria kwamba mkuu wa Kanisa la Uingereza ni mfalme, si Papa tena.

Kimya. Kisu changu kimesimama kwenye kitunguu.

"Kanisa la Uingereza," mama akasema polepole. "Ndilo letu sisi?"

"Ndilo, mama."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa Mwanglikana kwa ajili ya huyo mwanamke wako?"

Siku mbili hakutaka hadithi. Siku mbili alikaa na miwani yake myeusi akimsikiliza jogoo wa jirani. Mimi nilijaribu kumweleza kwamba mambo hayakuwa mepesi hivyo, kwamba kulikuwa na siasa, mali za watawa, Walutheri, wasomi waliokuwa wakinung'unikia Roma muda mrefu. Akanyanyua mkono. Siku ya tatu, baada ya chai, akasema, "Hata punda alimbeba Bwana Yesu. Endelea."

Jirani yetu, mwanamke wa Pangani, Mwislamu, alikuwa amekuja kuomba barafu akakaa saa nzima. Yeye hakuona tatizo liko wapi. "Kwetu shauri hili lingeisha kabla ya adhuhuri," akasema. "Angeoa wa pili, yule mkubwa angebaki na chumba chake, basi." Mama akamtazama kwa lile jicho lisilofungwa. Nami, kwa ubaya wangu, nikatoa siri niliyokuwa nimeiokota kitabuni: hilo wazo lilifika Roma kwenyewe. Mjumbe wa Henry aliandika mwaka 1530 kwamba Papa alimgusia kwa faragha uwezekano wa mfalme kuruhusiwa wake wawili. Halikufika popote. Lakini jirani aliondoka na barafu yake akiwa amenyooka mgongo kama aliyeshinda kesi, na tangu hapo barafu anakuja kuomba kila siku.

Nirudi kwa waandishi, maana hao ndio ugomvi wangu.

Nimegundua kwamba mwandishi wa maisha ya mtu akiandika "bila shaka", hapo ndipo shaka ilipolala. Akiwa na ushahidi hasemi bila shaka, anakuonyesha barua. Akikosa, ndipo anapoanza: bila shaka Anne aliumia moyo, bila shaka alitazama dirishani, bila shaka baridi ya Januari ilimwingia mifupani. Nani kakwambia? Nina kitabu kimoja ambacho nilianza kuzipigia mstari kwa penseli. Penseli ikaisha yeye bado yuko msichana.

Na kwa nini wanakosa ushahidi? Kwa sababu faili ni bovu. Tuseme barua za mapenzi. Henry alimwandikia Anne barua ambazo 17 zimebaki, na ziko wapi? Vatikani, kwenye maktaba ya yuleyule Papa aliyegombana naye, na hakuna ajuaye kwa uhakika zilifikaje. Anamwambia amechomwa na mshale wa mapenzi zaidi ya mwaka mzima, anampelekea nyama ya mnyama aliyemwinda kwa mkono wake, na mahali pamoja anataja maziwa ya kifuani kwa namna ambayo nililazimika kumrukia mama mkwe nusu ukurasa. Majibu ya Anne? Hakuna hata moja. Yaani masijala ina barua za upande mmoja tu. Na juu ya faili hilo watu wazima wanaandika sura nzima kueleza kwamba alimkatalia kwa hila, au alimkatalia kwa hofu, au hakumkatalia bali alisukumwa. Ningepeleka faili la namna hiyo kwa mkaguzi ningeandikiwa barua ya kujieleza.

Maneno yake ya kila siku tunayapata wapi basi? Kwa sehemu kubwa kwa Eustace Chapuys, balozi wa Karoli wa Tano, aliyefika London mwaka 1529 kumtetea Catherine na ambaye kwenye barua zake Anne ni hawara hata baada ya kutawazwa. Fikiria maisha yako yaandikwe na jirani mnayegombania ukuta. Na bado waandishi wanamnukuu kila baada ya aya mbili, kwanza wanakuonya usimwamini, kisha wanamwamini wao.

Sura yake nayo. Picha ile maarufu yenye mkufu wa herufi B, iliyoko kwenye jumba la picha za watu mashuhuri London, ilichorwa miongo kadhaa baada ya yeye kufa. Kilichobaki cha uhai wake, kisicho na ubishi, ni medali moja ya risasi ya mwaka 1534, na medali yenyewe imesagika, pua imelala. Ndiyo maana kila mtu amejipa ruhusa. Nicholas Sander, padri Mkatoliki aliyekimbilia uhamishoni, alimpa jino lililochomoza, uvimbe shingoni na kidole cha sita. Kitabu chake kilitoka mwaka 1585. Huyo Sander alikuwa na kama miaka sita Anne anakufa. Mjukuu wa Wyatt mshairi akajitokeza kumtetea, akasema jamani kilikuwa ni kijikucha kidogo tu pembeni ya ukucha. Ushindwe kukiona hicho kwenye medali iliyosagika pua!

Mama mkwe hakuvutwa na vidole. "Mwanamke akichukiwa," alisema, "huongezewa viungo." Nikaona ameanza kulegea, lakini sikusema kitu.

Kilichomlegeza zaidi ni Mei 1536, na hapa niwie radhi kama nitaleta ofisi nyumbani.

Elizabeth alikuwa amezaliwa Septemba 1533, wa kike. Mimba zilizofuata zikaharibika, ya mwisho Januari 1536, siku ileile Catherine anazikwa. Tarehe 2 Mei Anne akakamatwa Greenwich na kupelekwa Tower of London: anashtakiwa kuzini na wanaume watano, mmoja mpiga muziki, Mark Smeaton, na mmoja nduguye wa tumbo moja, George. Hati ya mashtaka imebaki. Na hati hiyo, tofauti na mambo mengine yote ya mwanamke huyu, imejaa tarehe na mahali. Siku fulani, jumba fulani, na fulani.

Msomaji, mwaka juzi nilimkamata mtu aliyerejesha masurufu ya safari ya siku nne Dodoma ilhali siku ya pili kati ya hizo amesaini mahudhurio ya kikao Dar es Salaam, tena kwa wino wa kijani. Siku hizi nikiona orodha yenye tarehe nyingi nzuri mkono unaniwasha. Ives naye kumbe mkono ulimwasha. Akakaa akalinganisha, akakuta karibu robo tatu ya tuhuma zenye tarehe haziwezekani, ama Anne hakuwapo mahali hapo, ama mwanamume hakuwapo. Kuna tarehe 6 Oktoba 1533, anadaiwa kumshawishi Henry Norris azini naye pale Westminster. Alikuwa Greenwich, mwezi haujatimia tangu ajifungue Elizabeth. Mwanamke yuko ndani ya arobaini yake! Mama mkwe alipiga paja. "Waliosikiliza kesi hawana wake?"

Na kwa kuwa wapishi wa hati walijua wamepika, waliweka kinga: na siku nyinginezo, kabla na baada. Hiyo, ndugu zangu, ni ile "na mengineyo" yetu kwenye mstari wa mwisho wa bajeti. Humo ndimo hela hupotelea.

Si kila mwandishi amekubali. George Bernard, mwaka 2010, aliandika kitabu kizima akisema huenda baadhi ya tuhuma zilikuwa za kweli, akiegemea shairi refu la Mfaransa mmoja wa ubalozini. Warnicke, mwaka 1989, alisema chanzo ni mimba ile ya mwisho, kwamba kiumbe kilikuwa na kasoro na watu wakaona uchawi. Wa kusema hivyo kabla yake ni Sander wa vidole sita. Nimewasoma wote mpaka mwisho, kwa haki, nikiwa na hasira. Wasomi wakubwa hawa. Lakini mhasibu hasomi mashairi ya ubalozini, anasoma mtiririko wa malipo.

Tazameni mtiririko. Tarehe 12 Mei wanaume wanne wanahukumiwa kwa kuzini na malkia, malkia hajasikilizwa. Tarehe 13 watumishi wake wanatawanywa, nyumba inavunjwa. Tarehe 15 ndipo anapofikishwa mbele ya mabwana kuulizwa kama ana hatia. Na anayeongoza baraza, anayetamka hukumu achomwe au akatwe kichwa kama itakavyompendeza mfalme, ni Thomas Howard. Mjomba wake. Ndugu wa mama yake.

"Mjomba?" mama alisema. Akavua miwani, amri ya daktari ikaishia hapo. "Mjomba wa tumboni?"

Nilimwambia wanasema machozi yalimtoka. Alisonya mpaka paka akatoka nje.

Tarehe 17 wanaume watano wanauawa, na siku hiyohiyo Askofu Mkuu Cranmer anatangaza kwamba ndoa ya Henry na Anne ni batili, haijawahi kuwa ndoa. Mume wangu, ambaye miezi yote hiyo alijifanya anasikiliza mpira wa redioni, akageuka: "Kama hakuwa mke wake, alimsaliti nani?" Nikamwambia hilo ndilo swali, na kwamba hakuna aliyelijibu kwa miaka karibu mia tano, na kwamba apunguze redio.

Tarehe 19 akauawa kwa upanga. Waingereza walikuwa watu wa shoka. Mtu wa upanga aliletwa kutoka Calais, ng'ambo ya bahari, siku hizo bado mji wao. Pigeni hesabu. Hukumu Jumatatu, kifo Ijumaa. Mjumbe atoke London, apande farasi, avuke maji, ampate fundi, amkubalishe, warudi. Waandishi kadhaa wamelichungulia jambo hili wakaona amri lazima ilitoka kabla ya kesi. Kwa lugha ya ofisini, hati ya ununuzi, LPO, imetoka bodi ya zabuni haijakaa. Na malipo yapo! Yameandikwa, yamebaki, yanasomeka: taji 100 za Kifaransa, sawa na paundi 23, shilingi 6 na peni 8, kwa ajili ya ujira na mavazi yake. Nilipokuta shilingi humo moyo ulinishtuka kama niliyekutana na mtu wa kwetu mahali asipopaswa kuwapo. Mwaka wa kuzaliwa hatuujui. Uso hatuujui, ndugu zake hatujui waamkiane vipi, alimpenda yule mwanamume au hakumpenda hatujui. Lakini tunajua posho na sare ya mkata shingo mpaka peni ya nane.

Jeneza walisahau. Upanga umeagizwa ng'ambo, jeneza hakuna aliyelikumbuka. Wakamtia kwenye sanduku la mbao la kuwekea silaha za wapiga mishale, wakamzika kwenye kanisa la humohumo ngomeni. Kesho yake Henry akafunga uchumba na Jane Seymour, na mwezi haujaisha wakaoana.

Mama mkwe aliusikia mwisho huo mara mbili, kwenye kitabu cha kwanza na cha pili, maana macho yalichelewa kupona na mimi sikuwa na hadithi nyingine. Mara ya pili hakusonya. Aliomba nisome polepole.

Cha tatu ni kile nilichokinunua elfu tatu, hakina jalada, hakina jina la mwandishi, kimeanza ukurasa wa tisa. Huyo asiye na jina ndiye anayesimulia vizuri kuliko wote. Usiku mmoja alitufikisha tarehe 18. Anne alikuwa amejiandaa kufa asubuhi hiyo. Saa zikapita, akaambiwa bado. Akamlalamikia William Kingston, mlinzi wa ngome, kwamba alitegemea adhuhuri awe ameshapita kwenye maumivu. Kingston akamtuliza kwamba hakutakuwa na maumivu. Naye akasema amesikia fundi ni hodari, na shingo yake yeye ni nyembamba, akaizungushia mikono, akacheka sana. Haya tunayajua kwa sababu Kingston alimwandikia Cromwell siku hizo zote. Barua zake nazo ziliungua pembeni kwenye moto wa mwaka 1731 uliokula maktaba zilimokuwa. Mahali pengine sentensi inakwenda vizuri, inafika kwenye kaa, inakoma.

Nikageuza ukurasa. Hapakuwa na ukurasa. Kurasa zilizobaki zilikuwa zimenyofolewa zote, mpaka faharasa.

"Geuza," mama akasema.

"Hakuna, mama."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kilichobaki. Kimechanika."

Akafikiri kidogo. "Basi leo hafi," akasema, akaomba dawa yake ya matone, akaenda kulala.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nikataka kumalizia kwa Ives, mama akanikataza. Wiki iliyofuata akarudi Muheza, jicho zima, kwa tamthilia zake. Yule bibi harusi kumbe alitoka kwenye gari salama. Juzi akanipigia. Baada ya salamu za watoto, kuku na mvua akauliza kama kile kitabu ninacho. Nikasema ninacho. Akauliza kama mwanamke wangu bado anacheka. Nikasema bado, mama, ni jioni tu.

"Vizuri. Sasa na Catherine mtafutie chake."

"Catherine nimekwisha kusomea, mama, alifia—"

"Sitaki alikofia. Mtafutie kilichochanika mapema. Kiishie kabla huyo mwanamke wako hajatoka Ufaransa."

Kwa hiyo sasa kila saa ya chakula cha mchana nimechuchumaa pale Posta nafungua vitabu kwa nyuma. Ninachotaka ni kimoja tu, kinachokoma kama mwaka 1521, na hakipo. Kijana wangu amenitazama siku nne bila kusema. Jana akanitolea kimoja kutoka chini ya turubai, hakina jalada, hakina mgongo, kimefungwa kwa uzi wa katani. Nikamuuliza bei. Kumi. Nikamwambia mwanangu, kile kizima pale ni elfu tano.

"Kizima tano," akasema. "Lakini mama si unapenda vilivyochanika."